Chokaa Iliyofika Mahindi Yakiwa Magotini

Siku niliyoripoti kazini, Afisa Kilimo wa Wilaya alinipokea nje ya ofisi, kwenye ukungu, akiwa amesimama anaangalia vibarua wakipakia mifuko ya mbolea kwenye tela la trekta. Nilikuwa nimevaa sketi aliyonishonea mama kule Tukuyu kwa ajili ya siku hiyo. Nilijitambulisha. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Wewe Mnyakyusa," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Basi baridi ya Mufindi haitakusumbua. Chuoni wamekufundisha nini?"

Nikaanza kumtajia: elimu ya udongo, magonjwa ya mimea, utunzaji wa mbegu. Aliniacha niendelee kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea kwenye tela.

"Hayo yote mazuri," alisema. "Hapa kazi ni moja. Hii mifuko itoke ghalani iingie shambani. Mkulima akivuna kidogo, maana yake ameweka mbolea kidogo. Ukilishika hilo tutaelewana."

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya ubibi shamba. Ninyi vijana mnaitwa maafisa ugani, mna pikipiki na simu zenye picha za kila mdudu. Sisi mwanamume alikuwa bwana shamba, mwanamke bibi shamba, na jina ulilopewa na wazazi ulilikuta tena siku ukienda likizo. Mimi naitwa Tusekile, lakini Mufindi nzima sidhani kama watu waliolijua wangejaza benchi moja.

Nilipangiwa kata iliyo juu ya Nyololo, ndani kidogo ya barabara kuu. Nilikabidhiwa baiskeli, koti la mvua, na kekee ya udongo. Kekee hii ni chuma kirefu chenye ncha iliyojisokota, unakizungusha ardhini kikuletee udongo wa chini bila kuchimba shimo. Ilikuwa imeshika kutu. Nilipomuuliza mtunza ghala nani aliyeitumia mara ya mwisho, alisema yeye alidhani ni kifaa cha kuchimbia mashimo ya nguzo.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Asubuhi unapita kitongoji hiki, unaonyesha watu nafasi ya kupandia, mchana unakwenda kwenye shamba la mfano, yaani kipande ambacho mkulima mmoja anakulimia kwa kufuata maelekezo yako ili wenzake waone. Jioni unaandika mbolea iliyotoka. Wilayani hawakuuliza kitu kingine. Mahindi ya watu yakidumaa, jibu lilikuwa tayari: wavivu, wanauza mbolea, wanapanda kwa kuchelewa. Nilikuta jibu hilo linatumika, na nikaambiwa nilitumie.

Msimu wangu wa kwanza niliitwa na Mzee Benitho. Alikuwa katekista wa kigango cha pale, anayeongoza ibada padri asipokuwepo, mtu mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata akisomea watu tangazo nje ya kanisa kwenye upepo. Watu walimsikiliza kwa sababu hakuwahi kuwaambia kitu asichokifanya mwenyewe. Mkewe Agripina ndiye hasa aliyekuwa mkulima. Ndiye aliyejua shamba lipi lilipumzika lini, na ndiye aliyeanza kunihoji hata kabla sijaegesha baiskeli.

"Kamwene, bibi shamba."

"Kamwene, mama."

"Mbolea tumeweka kama mlivyosema. Mwaka jana tumeweka, mwaka huu tumeweka. Sasa njoo uone ilipokwenda."

Mahindi yao yalikuwa na mwezi na zaidi lakini yalikuwa mafupi, na majani ya chini yalikuwa na rangi ya zambarau pembeni. Niling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa mifupi, minene, imevimba nchani, kama imegonga ukuta ikakata tamaa. Nilikwenda kwenye maharage, nikang'oa. Mzizi wa maharage ukiwa na afya una vinundu vidogo, ukikipasua kimoja ndani ni chekundu. Haya vinundu vyake vilikuwa vichache na ndani vilikuwa vyeupe kama mchele.

Niliwaeleza kama nitakavyowaeleza ninyi. Udongo wa nyanda zetu za juu unanyeshewa sana. Mvua ya miaka mingi inasomba chokaa ya asili kwenda chini, udongo unabaki mchachu. Kipimo cha uchachu wataalamu wanakiandika pH. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Udongo ukichacha sana, madini ya alumini yaliyolala humo yanayeyuka na kuunguza ncha za mizizi. Fosfati ya mbolea ya kupandia nayo inashikwa na udongo, mmea unaiona lakini hauipati. Na mbaya zaidi, ile mbolea ya kukuzia iitwayo SA tuliyokuwa tukiwahimiza waweke kila mwaka, yenyewe inaongeza uchachu. Tulikuwa tunamlisha mgonjwa chakula kinachomzidishia ugonjwa, halafu tunamsema kwamba hataki kula vizuri.

Mzee Benitho aliuliza, "Kwa hiyo udongo unaumwa?"

"Unaumwa, baba."

"Una dawa?"

"Chokaa. Si ya kupaka ukuta. Ni jiwe la chokaa lililosagwa likawa unga. Unalimwaga shambani miezi kadhaa kabla ya mvua, unalichanganya na udongo kwa jembe, unaliacha lifanye kazi polepole."

Agripina alikuwa ameshika lile shina nililoling'oa, analigeuzageuza. "Miaka yote hii wanatuita wavivu," alisema. Akaenda zake jikoni.

Nilichukua sampuli kama nilivyofundishwa: unatembea shambani kwa kupindapinda, unachota udongo hapa na pale, unachanganya kwenye ndoo safi, unaanika kivulini, unapeleka maabara kiasi kidogo tu. Majibu yaliporudi yalikuwa vile vile nilivyodhani, na mabaya zaidi. Nikayapeleka kwa Afisa Kilimo wa Wilaya kwa furaha. Nilikuwa mdogo, nilifikiri nimemletea habari njema, kwamba sasa tunajua tatizo.

Aliyasoma amesimama dirishani. Ng'ambo ya bonde lilionekana shamba kubwa la chai, limekatwa sawasawa, kijani mpaka macho yanauma.

"Njoo hapa," aliniambia. "Ile nini?"

"Chai, mzee."

"Imestawi haijastawi?"

"Imestawi."

"Iko kwenye udongo wa Mufindi au wa Ulaya?"

"Wa Mufindi, mzee. Lakini chai inapenda udongo mchachu. Inachostawia chai ndicho kinachoua mahindi na maharage."

Hakuwa mjinga yule mzee, na nadhani alinielewa. Ila alinijibu hivi: "Bibi Shamba, kwenye mpango wa mwaka wa wilaya kuna mbolea na mbegu. Hakuna chokaa. Kitu ambacho hakimo kwenye mpango hakina tatizo lake." Akanirudishia majibu yangu ya maabara.

Nimeyakumbuka maneno hayo maisha yangu yote ya kazi. Kila ofisi niliyokwenda baadaye niliyakuta yameshatangulia.

Tulichofanya tulikifanya wenyewe. Chokaa inachimbwa upande wa Songwe, nje ya Mbeya, na kulikuwa na dereva wa lori, muumini wa kigango cha Mzee Benitho, aliyekuwa akipeleka mbao kule na kurudi mtupu. Alituletea mifuko ya unga wa chokaa uliosagwa vizuri, laini kama unga wa sembe. Tulikata kipande cha shamba la Benitho, tukaimwaga chokaa wakati wa kiangazi, tukaifukia kwa jembe la mkono, mimi, mzee mwenyewe na Agripina. Kipande cha pembeni tukakiacha kama kilivyo. Mbegu ile ile, mbolea ile ile, siku ile ile ya kupanda.

Ilipofika kipindi cha mahindi kutoa mbelewele, watu walikuwa wanakatisha safari zao za sokoni kuja kusimama pale mpakani. Upande mmoja mahindi yalimfika mtu kifuani na yameparama. Upande wa pili ulikuwa huoni mtu aliyesimama katikati. Maharage Agripina aliyavuna mpaka akakosa vikapu, akaazima kwa jirani. Jumapili moja baada ya ibada Mzee Benitho aliwaambia watu, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba bibi shamba amesema kweli, udongo wetu ulikuwa unaumwa, na dawa ipo. Kijiji kizima kikaanza kuulizia chokaa.

Kama hadithi ingeishia hapo ningekuwa mstaafu mwenye furaha.

Misimu michache baadaye Afisa Kilimo wa Wilaya alistaafu, vyeo vikabadilishwa majina, akaletewa mrithi aliyeitwa Mkuu wa Idara. Huyu alikuwa kijana, amesoma nje, anaongea vizuri mpaka unasahau ulichokuja kumwambia. Alifika kijijini akaona mashamba, akanipongeza mbele ya watu. Ndani ya mwaka mmoja akawa ametafuta mradi: chokaa kwa kata nzima, pamoja na mbolea, na wageni wa mradi watakuja kuona matokeo. Mimi niliomba jambo moja tu, kwamba chokaa ifike kiangazi.

"Hilo limeshapangwa," alisema. "Wewe andaa wakulima."

Niliwaandaa. Mzee Benitho alichaguliwa mwenyekiti wa kikundi. Watu walitifua mashamba yao mapema, jua kali, vumbi, wakiwa na imani kwamba chokaa iko njiani. Ilikuwa inakuja wiki ijayo, kisha mwezi ujao. Mzabuni aliyepewa kazi ya kuileta alikuwa ana matatizo ya gari, kisha matatizo mengine. Mvua zikaanza. Watu hawawezi kuzuia mvua, wakapanda. Mahindi yakaota, yakafika usawa wa magoti, tukaanza kujiandaa na mbolea ya kukuzia. Ndipo malori yakaingia, yamebeba mbolea na chokaa kwa pamoja.

Nilifungua mfuko mmoja wa chokaa pale pale uwanjani. Ulikuwa mweupe kupita kiasi na ulikuwa mwepesi mkononi. Nikaomba kikombe cha maji, nikatia kijiko kimoja. Maji yalianza kutokota, kikombe kikawa cha moto nikashindwa kukishika. Ile ilikuwa chokaa ya kuchomwa, ya mafundi wa nyumba, jiwe lililopitishwa kwenye tanuri. Chokaa ya kilimo ukiitia kwenye maji haifanyi kitu, inatulia chini tu. Hii ya tanuri inaunguza ngozi, inaunguza majani, na ikikutana na mbolea kwenye udongo wenye unyevu inaigeuza mbolea kuwa hewa ikapotea.

Nilipanda gari la kwanza kwenda wilayani. Mkuu wa Idara alikuwa kwenye kikao cha maandalizi, nikamsubiri nje mpaka alipotoka.

"Mkuu, chokaa iliyokuja siyo. Ni ya kujengea. Na hata ingekuwa yenyewe, muda umepita. Tuiache, tuirudishe."

"Chokaa ni chokaa, Bibi Shamba."

"Siyo, mkuu. Itaunguza watu."

"Wageni wanakuja Alhamisi. Unataka niwaonyeshe nini? Mifuko imepangwa ghalani?"

"Waambie ukweli, kwamba imechelewa."

Alitabasamu kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Wewe umefanya kazi nzuri sana kule," alisema. "Usiiharibu mwishoni."

Nilirudi nikawaambia watu wasiiguse. Kesho yake alikuja yeye mwenyewe, akaitisha mkutano. Hakunitaja kwa ubaya. Alisema bibi shamba wenu anawapenda, ana wasiwasi wa mama kwa watoto wake, lakini wataalamu wa mkoa wameshaipitisha. Alisema pia kwamba kata ikishindwa kuitumia, mradi utahamishiwa kwa wanaoutaka. Nilinyoosha mkono niseme, akamwomba mwenyekiti aendeshe kikao kwa utaratibu. Mwenyekiti alikuwa Mzee Benitho.

Mkutano ulipokwisha Benitho alinifuata penye baiskeli yangu. Alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Binti yangu, nisaidie," alisema. "Wewe ndiye uliyetuambia chokaa ni dawa. Tukaona kwa macho yetu. Leo unasema ni sumu."

"Baba, hii siyo ile."

"Jina ni lile lile. Rangi ni ile ile. Na mkubwa wako anasema ndiyo yenyewe. Mimi nitawaambia nini hawa watu?"

Nikamwambia nijuavyo, nikamweleza habari ya kikombe cha maji. Alitikisa kichwa akielewa. Lakini alikuwa mtu aliyezoea kwamba serikali ikija na kitabu chake, katekista anakaa chini anasikiliza, na alikuwa amebebeshwa kata nzima mabegani. Asubuhi ya Alhamisi wageni walisimama barabarani na miavuli yao, na shamba la kwanza kumwagwa chokaa lilikuwa lake, kwa sababu hakuwahi kuwaambia watu wafanye kitu asichokifanya mwenyewe.

Mimi nilikuwepo, sikuweza kukaa nyumbani. Walimwaga mbolea ya kukuzia, wakamwaga chokaa juu yake, kwa mikono mitupu, kati ya mistari ya mahindi yenye umande. Harufu kali ikapanda kutoka ardhini, ile harufu ya amonia inayotoa machozi, ndiyo mbolea yenyewe ikiondoka. Wageni wakarudi nyuma wakiziba pua. Kisha upepo ukageuka. Nilimwona Agripina anaangusha beseni na kujishika usoni. Alikuwa akiwapigia kelele wanawake wenzake waache, ndivyo walivyonisimulia, na ule unga ukamwingia kwenye jicho la kushoto.

Nilimlaza chini nikammiminia maji jichoni, ndoo baada ya ndoo, wanawake wakikimbia kuchota, na yeye amenishika mkono anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Inatoka? Inatoka?" Dereva wa wageni alikataa kwanza kumbeba kwa sababu ya matope. Alipokubali tulimpeleka hospitali ya misheni. Jicho halikupona. Lile la kulia lilibaki.

Majani ya mahindi yaliungua, yakawa na madoa meupe, kisha yakakauka. Yaliyobaki yalikaa njano mpaka mavuno, na mavuno yenyewe hayakuwa ya kusimulia. Mwaka ule watu wa kata ile walikwenda kufanya vibarua kwenye mashamba ya chai, na wengine walishuka mpaka Mgololo kutafuta kazi za mbao na karatasi. Wilayani ilielezwa kwamba wakulima hawakuzingatia maelekezo ya kitaalamu. Nilipolisikia nilicheka, nikashangaa mwenyewe kwamba nacheka. Walikuwa wamerudi kwenye jibu la zamani. Wavivu, hawasikii.

Mimi nilihamishwa. Sikuambiwa kwamba ni adhabu, niliambiwa utumishi wangu unahitajika Chimala, kwenye mpunga. Ninyi mnaojua udongo mtanielewa. Kule bondeni ardhi haina uchachu wa kutibu. Kuna sehemu tatizo lake ni chumvi. Walimchukua mtu aliyetumia ujana wake kujifunza ugonjwa mmoja wakampeleka mahali ambapo ugonjwa huo haupo. Nilifanya kazi, sikukaa bure. Nilijifunza majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, kusawazisha maji, kuwahi kung'oa miche. Wakulima wa Kisangu walinipokea vizuri. Lakini kila nikiona lori la Iringa limesimama pale Chimala abiria wakinunua mchele, nilikuwa natazama kama kuna mtu wa juu ya Nyololo, na wakati huo huo naomba asiwepo.

Kabla ya kuhama nilikwenda kuaga. Mzee Benitho alitoka nje akanipa mkono, akazungumza nami mlangoni. Hakunikaribisha ndani. Hakuwahi kunifanyia vile kabla ya siku ile, na sikumlaumu. Alisema ameacha uenyekiti. Alisema kigangoni sasa masomo anasoma mwenzake, kwa sababu watu wakimwona yeye mbele wanakumbuka. "Hawanitukani," alisema. "Afadhali wangenitukana." Alijiondoa polepole kwenye kila kitu. Baadaye, nikiwa Chimala, nilisikia ameuza shamba lile kwa mtu wa mjini aliyetaka kupanda miti ya mbao, misindano, na kwamba amefariki kabla miti haijafika hata kimo cha mtu.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa milimani, safari hii juu ya jiji la Mbeya, kwa wakulima wa Kisafwa wanaolima viazi na pareto. Udongo wao nao una uchachu, lakini viazi si kama mahindi. Ukikivamia kiazi na chokaa nyingi ngozi yake inaota magamba. Hapo nilifanya kazi kwa uangalifu, kaya moja moja, mfuko mmoja mmoja ninaoukagua mwenyewe. Sikuomba mradi. Mkuu wangu wa pale, Afisa Kilimo wa Kata, aliniuliza kwa nini sipendi mambo makubwa. Nikamwambia nimeshayaona. Watu wachache walifaidika, nami nikastaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga nilipewa kitenge na keki, na aliyesoma wasifu wangu alisema nimehudumu Mufindi "katika nyakati za mafanikio."

Sasa chokaa imekuwa wimbo. Nimeona mabango yake barabarani, nimesikia redioni. Vijana wana kifaa wanachochomeka ardhini kikawasomea uchachu papo hapo. Ninafurahi, msidhani sifurahi. Mwaka jana nilialikwa kwenye semina mjini Mbeya, ukumbi wa hoteli, wastaafu tukakaa safu ya mbele. Mtoa mada mkuu alikuwa yule Mkuu wa Idara. Amenenepa, nywele zimekuwa nyeupe, siku hizi ni mshauri wa miradi. Alitambulishwa kama mmoja wa waliotangulia kupigania chokaa nyanda za juu. Alionyesha picha ukutani, na moja ilikuwa ya kile kipande cha shamba la Benitho, mahindi yamepita kichwa cha mtu. Agripina anaonekana pembeni, kijana, macho yake yote mawili yanaangalia kamera.

Wakati wa chai nilimfuata. Alinikumbuka, akanikumbatia.

"Bibi Shamba, tumetoka mbali," alisema.

"Yule mama kwenye picha, unajua alipo?"

Aliwaza kweli, sitamsingizia. "Mufindi," alisema mwishoni. "Wale watu walikuwa wagumu sana kubadilika." Kisha mtu akaja kumsalimia.

Ni kwenye semina hiyo hiyo ndipo binti mmoja, bibi shamba wa sasa wa kata ile, alinijia. Alisema kata zote za jirani zimeanza kutumia chokaa isipokuwa vijiji vyake. Wanampokea vizuri, wanampa kiti, wanamsikiliza, halafu hakuna anayechukua hata kilo moja. Hajui kosa lake. Aliambiwa kuna mama mmoja alifanya kazi kule zamani, akasikilizwa. Aliniomba niende naye.

Nilikwenda. Nilikuwa sijakanyaga pale tangu nilipohama. Shamba la Benitho limekuwa msitu, misindano imesimama kwa mistari, chini giza na majani makavu, hakioti kitu kingine. Agripina anaishi kwa binti yake, nyuma ya kanisa, na bado analima kipande cha maharage ambacho anakijua kwa kupapasa zaidi ya kuona. Alinitambua kwa sauti.

"Bibi shamba," alisema. "Umezeeka."

"Tumezeeka, mama."

Alitukaribisha ndani. Yule binti wa ugani alieleza vizuri sana, vizuri kuliko nilivyokuwa nikieleza mimi. Alisema chokaa yake ni ya kusagwa, imeshafika, iko ghalani, na mvua bado miezi. Kila kitu kilikuwa sawa. Agripina alimsikiliza mpaka mwisho, amegeuza lile jicho zima upande wake.

"Mwanangu, hiyo chokaa ni nzuri," alimwambia. "Mimi najua. Nilivuna mimi mpaka nikaazima vikapu. Lakini siweki, na wanangu hawaweki."

"Kwa nini, mama, kama unajua ni nzuri?"

"Kwa sababu haiji yenyewe. Inaletwa na watu."

Mjukuu wake alileta chai na viazi vya kuchemsha, akatukaribisha. Yule binti alinigeukia, akingoja niseme neno la kumsaidia. Nilimega kiazi nikala. Ni yeye anayebaki pale na mifuko yake. Mimi nilikuwa na gari la jioni la kurudi Mbeya.